Mzabibu wa Kando ya Mito na Jina Lake

Kando ya mito na vijito vya Marekani ya Kaskazini, tangu Quebec na Manitoba katika nchi ya Kanada mpaka Texas huko kusini, huota mmea mmoja utambaao ambao mpita njia hana sababu ya kuusimamia. Hupanda juu ya miti kwa kujishikiza matawini, hufika kileleni, na huko hutandaza majani yake hata mti wenyewe usionekane vema. Matunda yake ni meusi, madogo kama njegere, yamefunikwa na ungaunga wa rangi ya samawati, na ukali wake hutia meno ganzi. Ndege huyapenda. Watu nao huyachuma pengine, hasa baridi ya kwanza ikiisha kuyapunguza ukali, wakayapika kwa sukari nyingi. Lakini si tunda la kumtajirisha mkulima sokoni.

Hata hivyo, mtu akifukua chini ya mizabibu ya Ufaransa, ya Ujerumani, ya Italia au ya Hispania, mara nyingi sana hakuti mizizi ya mzabibu ule anaouona juu ya ardhi. Hukuta mizizi ya mmea huu wa mwitu, au ya ndugu zake wa Marekani, au ya mimea iliyozaliwa kwa kuwachanganya ndugu hao. Sehemu ya juu ni ya Ulaya, sehemu ya chini asili yake ni Marekani, na mahali zilipounganishwa huonekana kinundu kama kovu, karibu na udongo.

Jina la mmea huu kwa wataalamu ni Vitis riparia. Neno la kwanza ni la Kilatini, maana yake mzabibu. La pili maana yake ni wa ukingoni mwa mto. Namna mmea huu ulivyopata jina hilo, na namna ulivyokaribia kupotea katika mchafuko wa majina, ni habari imfaayo kila mtu adhaniaye kwamba kuipa mimea majina ya Kilatini ni mchezo wa wasomi wasio na shughuli.

KABILA, UKOO NA AINA

Neno zabibu lenyewe lina kisa chake. Katika Kiarabu neno hilo ni la tunda lililokwisha kukaushwa, na tunda bichi lina jina jingine, inabu. Tunda bichi haliwezi safari ndefu ya jahazi, lakini kavu laiweza, na jina la tunda kavu ndilo lililoshika katika Kiswahili. Kwa hiyo leo neno moja hutumika kwa yote mawili, na mti wake huitwa mzabibu, uwe wa shambani au wa porini, uwe wa Ulaya au wa China. Sokoni neno moja latosha. Shambani halitoshi, kama Wafaransa walivyojifunza kwa hasara kubwa.

Wataalamu huipanga mimea karibu kama watu wapangavyo jamaa zao. Kundi kubwa twaweza kuliita kabila. Ndani ya kabila mna koo, ambazo wao huziita jenasi. Na ndani ya kila ukoo mna aina, ambazo wao huziita spishi. Kabila la mizabibu laitwa Vitaceae, nalo lina aina zaidi ya 900 duniani, nyingi zikiwa katika nchi za joto. Kenya nayo ina fungu lake. Wachungaji wa nchi kavu waujua mmea wenye shina nene la kijani, la pembe nne, lililogawanyika pingili pingili, utambaao juu ya vichaka: huo ni Cissus quadrangularis. Pembeni mwa misitu na katika vichaka vya milimani huota mwingine wenye vijani vitatu katika kikonyo kimoja, nao ni Rhoicissus tridentata. Wote wawili ni wa kabila la mizabibu, na atazamaye vikono vyao vya kujishikizia hatashangaa kuambiwa hivyo.

Lakini si wa ukoo wa Vitis. Ukoo huo, ambao ndio wa mizabibu halisi, kwa asili ni wa upande wa kaskazini wa dunia. Aina zake zapata 60 au 70, nyingi zikiwa Marekani ya Kaskazini na Asia ya mashariki. Ulaya ina moja tu ya asili, Vitis vinifera, nayo ndiyo izaayo karibu zabibu zote za divai na nyingi za kuliwa mezani. Hata mizabibu ya Dodoma, nchini Tanzania, ni ya Vitis vinifera, na ililetwa na watu.

Mtoto wa shule mwenye kioo cha kukuzia aweza kuzitenganisha koo hizo bila msaada. Ua la Vitis ni dogo mno na la kijani, na petali zake, ambazo kwa kawaida ni tano, zimeshikana kwenye ncha. Likichanua, halifunguki kama maua mengine. Petali hubanduka kwa chini, zote pamoja, zikaanguka kama kofia iliyosukumwa kutoka kichwani. Katika Cissus petali ni nne, na kila moja hufunguka peke yake. Ni jambo dogo, lakini jani laweza kudanganya na tunda laweza kudanganya. Kofia ile haidanganyi mara nyingi.

MBWEHA WATATU

Mwaka 1753 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alichapisha kitabu alichokipangia mimea yote aliyoijua, akaipa kila aina majina mawili tu, la ukoo likitangulia na la aina likifuata. Mpango huo ndio utumikao hata leo. Mizabibu ya Marekani aliyoijua ilikuwa michache. Mmoja aliuita Vitis labrusca, na mwingine Vitis vulpina, yaani mzabibu wa mbweha.

Hapo ndipo fujo ilipoanza. Walowezi wa Marekani walikuwa na desturi ya kuita zabibu za mbweha tunda lolote la mwitu lenye harufu kali. Watu wa kaskazini waliuita hivyo mmea ambao Linnaeus aliuita labrusca. Watu wa kusini waliuita hivyo mmea mwingine kabisa, wenye matunda makubwa yenye ngozi nene, ambao leo waitwa Vitis rotundifolia. Na ule ambao Linnaeus mwenyewe aliupa jina la mbweha kwa Kilatini haukuwa huu wala ule. Kwa hiyo palikuwa na mbweha watatu, na mtu akiandika barua kuomba vijiti vya mzabibu wa mbweha hakuweza kujua angeletewa nini.

Mzabibu wa mitoni ulipewa jina lake na Mfaransa, André Michaux. Mwaka 1785 Serikali ya Kifaransa ilimtuma Marekani kutafuta miti na mimea ambayo ingefaa nchini kwake. Alizunguka huko zaidi ya miaka kumi, kutoka joto la Florida mpaka baridi ya Kanada. Aliporudi mwaka 1796 meli yake ilivunjika karibu na pwani ya Uholanzi, lakini sehemu kubwa ya mimea yake iliyokaushwa iliokolewa. Michaux hakuwahi kukishika kitabu chake kilichochapishwa, kwa maana alikufa katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1802, na kitabu kilitoka mwaka 1803. Humo ndimo Vitis riparia ilimoandikwa kwa mara ya kwanza.

Jina likiisha kuandikwa haliwi limekubaliwa. Kwa muda mrefu vitabu kadhaa vya Marekani viliendelea kuuita mzabibu wa mitoni Vitis vulpina, na mmea uliostahili jina hilo vikauita cordifolia, ambalo nalo lilikuwa jina la Michaux. Siku hizi jambo hilo limekwisha kutengenezwa: vulpina ni ule wa Linnaeus, na riparia ni huu wa mitoni. Lakini asomaye kitabu cha zamani yampasa aangalie sana ni mmea gani unaosemwa.

ALAMA ZA KUUTAMBUA

Ajabu ya mizabibu ya Marekani ni kwamba kwa mbali yote hufanana, na kwa karibu kila mmoja una alama zake.

Jani la riparia lina meno marefu makali kama ya msumeno, na ncha tatu zilizoelekea mbele. Mahali kikonyo kinapounganika na jani pana nafasi pana iliyo wazi. Chini ya jani ni kijani, na vinyweleo viko kwenye mishipa tu. Jani la labrusca, likigeuzwa, limefunikwa na manyoya yaliyosongamana, meupe au ya rangi ya kutu, kama blanketi. Yuko na ndugu wa tatu, Vitis rupestris, jina ambalo maana yake ni wa mawe. Huyu hapendi kupanda miti. Hukaa kama kichaka kwenye changarawe za vijito, na jani lake, ambalo upana wake wazidi urefu, limekunjika katikati kama kitabu kilichofungwa nusu.

Vikono navyo vyasema. Katika mizabibu kikono hutoka kwenye kifundo, mkabala na jani. Mtu akifuata tawi la riparia akihesabu, ataona vifundo viwili vyenye vikono na cha tatu hakina, kisha viwili tena, na cha tatu hakina, hivyo hivyo mpaka mwisho. Katika labrusca vikono, au mashada ya maua mahali pao, hufuatana kifundo kwa kifundo, tatu au zaidi bila kuruka. Mwingereza Charles Darwin, ambaye mwaka 1865 aliandika juu ya mimea itambaayo, alionyesha kwamba kikono cha mzabibu na shada lake la maua ni kitu kimoja kwa asili, kwani aliona kila hatua kati ya viwili hivyo katika mmea mmoja. Kwa hiyo mzabibu unapojishikiza kwenye mti, hujishikiza kwa kiungo ambacho kingaliweza kuwa zabibu.

Alama nyingine imefichwa ndani. Tawi likipasuliwa kwa kisu, katikati mna kiini laini cha rangi ya kahawia, na kwenye kila kifundo kiini hicho hukatizwa na ukuta mdogo wa mti mgumu. Katika riparia ukuta huo ni mwembamba. Katika vulpina ni mnene zaidi. Katika rotundifolia, yule mbweha wa kusini, ukuta haupo kabisa. Tena ganda la rotundifolia halibanduki vipande vipande kama la mizabibu mingine, na vikono vyake havigawanyiki kwenye ncha. Ndani ya chembe zake kromosomu ni 40, na mizabibu mingine ina 38. Ndiyo sababu wataalamu wengine huutoa katika ukoo wa Vitis na kuupa ukoo wake, Muscadinia, na wengine huuacha mlemle. Ubishi huo haujakwisha.

MDUDU ALIYEVUKA BAHARI

Katika miaka ya 1860 wakulima wa bonde la mto Rhône, kusini mwa Ufaransa, waliona mizabibu yao ikianza kufa pasipo sababu. Majani yaligeuka manjano, kisha mekundu kwenye kingo, yakakauka. Mwaka wa pili au wa tatu mmea ulikufa, na ugonjwa ukaenea kwa jirani zake pande zote, kama mafuta yaeneavyo juu ya nguo. Waliong'oa mizabibu iliyokufa waliona mizizi iliyooza, na zaidi ya hayo hawakuona kitu.

Mwezi wa Julai mwaka 1868 watu watatu kutoka mji wa Montpellier walikwenda kutazama mashamba hayo. Mmoja wao alikuwa Jules Émile Planchon, bingwa wa elimu ya mimea. Badala ya kuchimba mizabibu iliyokufa tu, walichimba na ile iliyoonekana ingali na nguvu. Juu ya mizizi yake walikuta vijidudu vya manjano, kila kimoja hakifiki milimeta moja, vimesongamana vikinyonya. Wadudu walikuwa hawaonekani penye mizabibu mifu kwa sababu iliyo wazi: mzizi ukifa, wao huuhama wakaenda kwenye ulio hai. Planchon alimwita mdudu huyo Phylloxera, kwa Kigiriki mkausha majani.

Katika Marekani mdudu huyo alikwisha kuandikwa mwaka 1855 na Asa Fitch wa New York, ila yeye alimwona juu ya majani, ndani ya vinundu vidogo kama chunjua. Ilidhaniwa kwanza kwamba wa majani na wa mizizi ni wawili mbalimbali. Charles Valentine Riley, mtaalamu wa wadudu wa Serikali ya Missouri, alisaidia sana kuthibitisha mwaka 1870 kwamba ni mmoja, mwenye desturi mbili. Alikuwa amevuka bahari pamoja na mizabibu hai ya Marekani, iliyoletwa Ulaya kwa ajili ya bustani na kwa sababu ya ugonjwa mwingine wa ukungu. Zamani merikebu za matanga zilichukua muda mrefu, na mdudu hakuweza safari. Meli za moshi zilifupisha siku, naye akafika salama.

Mizabibu ya Marekani ilikuwa imeishi na mdudu huyu tangu kale. Akiuma mzizi wa riparia, mzizi hufanya ganda gumu chini ya kidonda, ukakitenga, na uozo hauingii ndani. Mzizi wa Vitis vinifera hauna ustadi huo. Huvimba, hupasuka, na vijimea vya uozo huingia palepale. Kwa hiyo mdudu mwenyewe haui sana. Kidonda chake ndicho kiuacho.

Mwaka 1875 Ufaransa ilitoa hektolita milioni 84.5 za divai. Mwaka 1889 zilikuwa milioni 23.4. Nyuma ya hesabu hiyo walikuwapo wenye mashamba madogo ambao mali yao yote ilikuwa mizabibu waliyoachiwa na baba zao. Wengi waliuza ardhi kwa bei ya kutupa, wakahamia mijini au wakavuka bahari kwenda Algeria. Serikali ilitangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa mtu atakayeleta dawa, na zawadi hiyo haikutolewa kamwe. Wenye mashamba karibu na mito waliyafurikisha maji wakati wa baridi. Wenye fedha walipiga sindano udongoni ya karboni disalfaidi, kitu chenye sumu na chepesi kushika moto. Wengine walihamia kwenye mchanga wa pwani, ambamo mdudu hawezi kutembea. Maskini hakuwa na njia.

"MZABIBU WA MAREKANI" SI JINA

Mwaka 1869 mkulima mmoja wa Bordeaux, Léo Laliman, alieleza katika mkutano wa wakulima kwamba mizabibu fulani ya Marekani shambani mwake haikufa. Kutoka hapo lilizaliwa shauri la kupandikiza: kuchukua kijiti cha mzabibu wa Kifaransa, kukichonga, na kukiunganisha na shina lenye mizizi ya Marekani, hata vishikamane vikawa mmea mmoja. Matunda yangekuwa ya Kifaransa, kwa maana mizizi huleta maji na chakula lakini haibadili jamii ya tunda.

Shauri lilikuwa jema. Kosa lilikuwa katika jina. Watu walisema "mzabibu wa Marekani" kana kwamba ni kitu kimoja, na wafanya biashara waliuza walichokuwa nacho. Walikuwa na mizabibu iliyokwisha kulimwa mashambani huko Marekani, kama Concord na Isabella, ambayo ni ya damu ya labrusca. Nayo labrusca, ingawa ni ya Marekani, si hodari mbele ya mdudu huyo. Walikuwa pia na Clinton, iliyochanganya damu ya riparia na ya labrusca. Hiyo ilisimama katika udongo mwingine, na katika udongo mwingine ikaanguka. Mkulima aliyekwisha kupoteza shamba mara moja, akakopa fedha na kulipanda tena, aliliona likifa mara ya pili. Si ajabu kwamba wengi walianza kusema habari yote ya Marekani ni ulaghai.

Mwaka 1873 Planchon alisafiri mwenyewe kwenda Marekani. Riley alimwongoza, na katika mji wa St. Louis alikuwapo Daktari George Engelmann, Mjerumani kwa kuzaliwa, ambaye pamoja na kazi ya kuganga wagonjwa alikuwa ameichunguza mizabibu ya mwitu kwa miaka mingi. Hapo ndipo zile alama za vikono, na meno ya majani, na kuta ndogo ndani ya vifundo, zilipopata thamani ya fedha. Iliwezekana sasa kusema: huu panda, huu acha. Riparia na rupestris zilikuwa miongoni mwa iliyosemwa panda. Vijiti vilikatwa Missouri na mahali pengine, vikafungwa, vikapelekwa Ufaransa kwa mamilioni.

Riparia ilikuwa na fadhila nyingine pia. Kijiti chake kikichomekwa udongoni hutoa mizizi kwa urahisi, na zabibu zilizopandikizwa juu yake huiva mapema. Nao mmea wenyewe huvumilia baridi kali ya Kanada, hata digrii 40 chini ya sifuri. Lakini vijiti vilivyokusanywa mitoni ovyo ovyo havikuwa sawa; vingine vilikuwa vyembamba mno. Iliwabidi wataalamu na wakulima wa Montpellier kuchagua mimea iliyo bora na kuizidisha hiyo peke yake. Uliosifiwa kuliko yote uliitwa Riparia Gloire de Montpellier, yaani fahari ya Montpellier, na hupandwa hata leo.

UDONGO WA CHOKAA

Haukupita muda, malalamiko yakatoka Charente, mahali litengenezwapo konyagi, na pengine penye mawe ya chokaa. Riparia haikuliwa na mdudu, lakini majani yalikuwa manjano na mmea ulidhoofika. Mmea wa ukingo wa mto umezoea udongo wenye rutuba uletwao na maji. Katika chokaa nyingi hushindwa kupata madini ya chuma, na pasipo chuma jani halipati ukijani wake.

Mwaka 1887 Serikali ilimtuma Pierre Viala Marekani kutafuta mzabibu upendao chokaa. Huko Texas, katika mji wa Denison, alimkuta Thomas Volney Munson, mkulima wa vitalu aliyekuwa amesafiri maelfu ya maili akiikusanya na kuipanga mizabibu ya mwitu. Munson alimwelekeza kwenye vilima vya chokaa vya Texas, na mmea uliotakiwa ukawa ule ambao Planchon aliupa jina la Vitis berlandieri mwaka 1880. Wataalamu wengi wa leo huuhesabu kuwa tawi la aina nyingine, Vitis cinerea. Serikali ya Kifaransa ilimpa Munson nishani ya kilimo mwaka 1888.

Berlandieri ilikuwa na ila moja kubwa: kijiti chake hakipendi kutoa mizizi. Hapo riparia ikarudi kazini, safari hii kama mzazi. Chavua ya mmoja ilitiwa katika ua la mwingine, na katika watoto wengi waliozaliwa walichaguliwa wachache waliorithi uvumilivu wa chokaa upande mmoja na wepesi wa mizizi upande wa pili. Mzao wa namna hiyo uliotoka mikononi mwa Sigmund Teleki huko Hungaria, kisha wa Franz Kober huko Austria, ndio uitwao 5BB. Jamaa yake aliyechaguliwa Oppenheim, Ujerumani, aitwa SO4. Kwa udongo usio na chokaa nyingi Mfaransa Georges Couderc alichanganya riparia na rupestris akapata 3309. Majina hayo ya namba hayana uzuri wowote, lakini mwenye kitalu akiyasikia hujua baba ni nani na mama ni nani.

Tena yampasa ajue. Katika California, katika karne ya 20, wakulima walipenda sana shina liitwalo AXR1, kwa sababu lilizaa kwa wingi. Mzazi wake mmoja alikuwa rupestris; mwingine alikuwa Aramon, mzabibu wa Kifaransa wa aina ya vinifera, isiyo na kinga. Ulaya na Afrika ya Kusini zilikwisha kuliona likishindwa. Lilidumu California miaka mingi, na katika miaka ya 1980 mdudu alilishinda huko nako. Mashamba makubwa ya mabonde ya Napa na Sonoma yalilazimika kung'olewa na kupandwa upya, kwa gharama kubwa sana.

Mzabibu wa mitoni hauna maua ya namna moja. Porini mimea mingine huzaa maua ya kiume tu, na mingine ya kike, kama mpapai ulivyo hapa kwetu. Riparia Gloire de Montpellier ni dume. Kwa hiyo shina hilo, ambalo limebeba mashada yasiyohesabika ya zabibu za watu wengine tangu karne ya 19, lenyewe halijazaa hata tunda moja. Huzidishwa kwa vijiti tu, na kila kijiti kilichopo leo ni kipande cha mmea ule ule mmoja uliochaguliwa kusini mwa Ufaransa.